Mchanga Uliochekechwa

Hadithi hii ilistahili msimuliaji mwenye sauti nzito na sura ya huzuni, mtu ambaye akikohoa tu watoto wanasogea karibu na mama zao. Kwa bahati mbaya mtu huyo hakupatikana, nimepatikana mimi, ambaye hata msibani watu huanza kutabasamu kabla sijawapa pole. Kwa hiyo niwieni radhi mapema, nitaiharibu. Penye kutisha nitatia mzaha, penye mzaha sauti itanikauka, na mkiona nimenyamaza ghafla msidhani ni ufundi wa kusimulia. Nitakuwa naogopa.

Mambo yalianza na ukuta uliokataa kukauka.

Nyumba ilikuwa mpya, bado inanuka chokaa, imejengwa hatua mia mbili kutoka baharini, kwenye kisiwa ambacho ukikizunguka kwa miguu ukiwa na hasira unakimaliza kabla hasira haijaisha. Sebule ilikuwa kavu. Jiko lilikuwa kavu. Chumba cha baba na mama kilikuwa kikavu kiasi kwamba mjusi akipita darini unasikia kucha zake. Ila chumba cha watoto, ukuta wa kichwani mwa kitanda, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, ulikuwa umelowa, na mpaka wa ule unyevu ulikuwa umenyooka kana kwamba mtu ameupiga kwa uzi.

Mwenye nyumba alikuwa mwashi, na aibu yote ilikuwa hapo. Kisiwa kizima kilimwita Nilisema, kwa sababu hapakuwa na nyumba iliyopasuka, kuvuja wala kuinama ambayo hakufika, akaitazama huku mikono iko nyuma, akatikisa kichwa na kutamka neno hilo moja. Ushauri alikuwa nao wa kutosha kujengea mji. Ukijenga kisiwani, alikuwa akisema, usianze kuitazama bahari, tazama upepo. Bahari ni ya wageni, upepo ndio utakaolala nao. Inua msingi ngazi tatu, maana ardhi ya huku imelala juu ya maji na hujui itageukia ubavu gani. Paa litokeze nje ya ukuta kama ukingo wa kofia, kwa kuwa mvua ya kisiwani haianguki, inakuja kwa ubavu kama mtu anayekwepa foleni. Msumari wa kawaida usiununue, unaota kutu ukiwa bado mfukoni. Na juu ya yote, mchanga wa ufukweni usiuguse mpaka umelundikwa mvuani msimu mzima, ukageuzwa na kugeuzwa, chumvi ikatoka yote. Ukiujengea mbichi, ukuta utatoa jasho mpaka wajukuu wako wazeeke.

Wakati anayasema hayo, yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini ndani ya vyumba viwili vya kupanga, na mke wake, fundi wa nguo mwenye ulimi wa sindano, alikuwa amechoka.

"Baba Pacha," alimwambia siku moja, akiwa amebana pini mdomoni, "mvua za mwaka huu zisinikute humu. Zikinikuta, mimi na wanangu tutakuwa kwa kaka yangu, na wewe utabaki hapa uwashauri panya."

Pacha walikuwa wasichana wa miaka saba, na Nilisema aliwapenda kuliko pimamaji yake, jambo ambalo kwa mwashi si dogo. Akajenga. Akajenga usiku na mchana, akaezeka upande mmoja huku upande wa pili bado msingi, na ulipobaki chumba kimoja tu, cha watoto, mchanga ukamwishia. Mchanga mzuri huja kwa mashua, na mashua ilikuwa imeharibika injini. Mawingu nayo yalikuwa yameshaanza kupanga foleni.

Ndipo alipochukua toroli akaenda nyuma ya majabali, upande ambao watu hawaendi kwa sababu hakuna cha kufuata, akaukuta mchanga. Mweupe. Hauna kombe, hauna jani, hauna hata uzi wa mwani. Ulikuwa umewekwa mafungu mafungu kwa mstari, kila fungu limelainishwa juu kwa kiganja. Mtu mwingine angejiuliza ni nani anayechekecha mchanga ufukweni na kuupanga namna ile. Nilisema alijiuliza ni chekeche la matundu ya kiasi gani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akamshukuru Mungu, akaanza kupakia.

Hakuuosha. Alifyatua nao matofali, akapiga nao lipu, akamwaga nao sakafu. Familia ikahamia siku tatu kabla ya mvua ya kwanza, na mkewe akampikia kama bwana harusi.

Sasa ukuta umelowa.

"Baba Pacha, njoo uone."

"Ni saruji, bado haijakomaa."

"Jana mchana ulikuwa mkavu, niliupapasa mwenyewe."

"Basi imekomaa."

"Sasa hivi umelowa."

Nilisema alikuna kidevu. "Saruji ya siku hizi," alisema, "haina msimamo."

Mama Pacha alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akapiga alama pale unyevu ulipoishia, akaandika saa pembeni. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Kufika adhuhuri ukuta ulikuwa umekauka, na juu yake kumebaki unga mweupe ambao ukiutia ulimini unasikia chumvi. Jumamosi unyevu ulirudi, lakini saa tatu na dakika hamsini. Jumapili, saa tano kasoro. Kila siku ulichelewa kiasi kilekile, kama karani anayekuja kazini kwa wakati wake mwenyewe, na kila siku ulipanda juu ya alama ya jana kwa upana wa vidole viwili. Ya usiku hawakuyaandika. Usiku walikuwa wamelala, au kila mmoja alikuwa akimdanganya mwenzake kwamba amelala.

Jumapili hiyo Mama Pacha alisimama mlangoni, akatazama ukuta, kisha akatazama bahari. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye nyasi.

"Unajaa nayo," alisema polepole. "Bahari ikijaa, ukuta unajaa. Ikipwa, unakauka."

"Ni chumvi," alisema Nilisema. "Chumvi inavuta maji. Jambo la kitaalamu."

"Hatua mia mbili?"

"Chumvi nyingine ina nguvu."

Pacha mdogo, ambaye kitanda chake kilikuwa upande wa ukuta huo, aliomba maji ya kunywa. Kilikuwa kikombe chake cha tisa tangu kuamka.

Hilo ndilo lililomtoa Mama Pacha kwenye hasira likamtia kwenye hofu. Mtoto alikuwa anakunywa kama shimo. Alimaliza mtungi, akaomba mwingine, na midomo yake ikabaki imepasuka. Jasho lake lilikauka likaacha unga mweupe kwenye nyusi, hata pacha mwenzake akamtania kwamba amezeeka. Alipoanguka akajikwaruza goti alilia kama watoto wote wanavyolia, kwa sauti yake yote, lakini machozi hayakutoka hata tone. Nesi wa zahanati alimpima, akampa chumvi ya kuyeyusha kwenye maji. Mama Pacha aliitazama ile pakiti kwa muda mrefu, akairudisha mezani.

"Chumvi anayo," alisema.

Jumatatu, pacha mdogo aliamka usingizini saa sita mchana na mchanga mdomoni.

"Nani kakulisha mchanga?" aliuliza baba yake.

"Hakuna. Nilikuwa naongea nao."

"Na nani?"

"Watoto. Wako mle." Alionyesha ukuta kwa kidevu, kama anayeonyesha nyumba ya jirani. "Wanagonga. Wanasema hawawezi kugeuka."

Nilisema alifanya kile ambacho fundi hufanya anapoogopa: alileta rangi. Alipaka ya kuzuia maji, mara tatu. Ukuta ukaitema, ikavimba kama malengelenge na kupukutika. Alibandua lipu kidogo akapiga nyingine juu yake, nene, kavu, ya kitaalamu. Usiku huo kugonga kukasikika mpaka sebuleni. Alipaka lami. Ile lami ilipokauka, ilionekana imejaa alama za vidole, vidogo vidogo, na zote zilikuwa zimebonyea kutoka ndani kuja nje.

"Panya," alisema Nilisema, ila safari hii alisema kwa kunong'ona.

"Panya wana vidole vitano?" alinong'ona mkewe.

Jumanne saa sita na dakika ishirini, Nilisema akiwa kazini, Mama Pacha alikuwa sebuleni kwenye cherehani anapinda suruali ya mteja, na pacha wote wawili wamelala. Alisikia sauti. Aliacha kukanyaga cherehani ili aisikie vizuri, halafu akatamani angeendelea kukanyaga. Ilikuwa sauti ya chekeche. Shwaa. Ikatulia. Shwaa. Mke wa mwashi anaijua sauti hiyo kama anavyojua kikohozi cha mumewe, na alijua kwamba chekeche la mumewe lilikuwa limetundikwa nje, analiona dirishani kutoka alipokaa. Shwaa. Kisha ikaja harufu, harufu ya bahari iliyokupwa mbali, ya mwani na jiwe lililofunuliwa, ikaingia sebuleni kwa chini kama maji yanavyoingia, na miguu yake ikasikia baridi kabla pua haijasikia harufu.

Aliinuka, na baadaye alisema kwamba hakumbuki kutembea, anakumbuka tu kwamba mlango wa chumba cha watoto ulikuwa mbele yake na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa, na kitasa kilikuwa kimelowa, na alipousukuma mlango alimwona pacha mkubwa amelala kifudifudi kama kawaida yake, na pacha mdogo amesimama juu ya kitanda akiwa ameuelekea ukuta, ameegemeza paji la uso pale kama mtoto anayesubiri wenzake wajifiche, na unyevu ulikuwa umeacha mstari wake ulionyooka, umepanda, umepanda mpaka karibu na dari, na haukuwa tena unyevu wa ukuta bali ulikuwa na mabega, ulikuwa na shingo iliyoinama, ulikuwa na mikono miwili mirefu inayokwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, kama ya mwanamke aliyekaa chini anachekecha, na kila mikono ilipokwenda mbele ilisikika shwaa na mchanga kidogo ulimwagika kutoka ukutani juu ya nywele za mtoto, na Mama Pacha alipomshika mwanawe kiunoni amvute, mtoto hakuja, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia ndani ya lipu ngumu mpaka kwenye kifundo, na upande wa pili kulikuwa na kitu kinaushika, hakivuti, kinaushika tu, kwa upole, kama unavyoshika mkono wa mtoto wa mwenzio ukimfananisha na wako.

"Huyo ni wangu," alisema Mama Pacha. Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kelele.

Mikono ukutani ikasimama. Lipu ikauachia mkono wa mtoto, mweupe, umekunjamana kama uliokaa majini siku nzima.

Nilisema aliporudi aliwakuta wote watatu wamekaa nje juani, mgongo kwa mgongo. Walihamia kwa jirani jioni hiyo hiyo. Haikusaidia. Pacha mdogo aliendelea kunywa, aliendelea kukauka, na ilipofika saa ya maji kujaa aligeuka usingizini akaielekea nyumba yao, popote alipolazwa.

Mganga aliletwa Ijumaa. Kama mlitarajia mzee mwenye ndevu na moshi, nawaomba radhi tena. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, na alikuja na mkoba wa plastiki na haraka zake. Hakuomba kuku. Aliomba kitambaa cha pua. Kisha akaingia chumbani, akapapasa ukuta, akalamba kidole, akamgeukia Nilisema na kuanza kumhoji kama mkaguzi wa majengo.

"Mchanga ulichota wapi?"

"Nyuma ya majabali."

"Uliuosha?"

Nilisema alitazama viatu vyake. Mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa upande ule mwingine wa swali hilo. "Mvua zilikuwa zinakuja," alisema.

"Ulikuwaje huo mchanga?"

"Mzuri. Umechekechwa tayari. Umewekwa mafungu, na juu umelainishwa."

"Na wewe, fundi, ulidhani mtu anayechekecha mchanga ufukweni, akauweka mafungu, akaulainisha juu kwa kiganja, anafanya nini?"

"Anajenga."

Mganga alipenga kamasi. "Analaza watoto," alisema.

Nyuma ya ukuta, kitu kidogo kiligonga mara mbili, kikachoka.

"Ndivyo wanavyolala wale wa majini wakiwa wadogo," aliendelea mganga kwa sauti ya chini. "Mama yao anawachekechea, anawafunika, anaenda kutafuta. Karudi kakuta mashimo na alama ya gurudumu. Umewachanganya na saruji, fundi, na saruji imewanywa maji yao yote. Wanakufa kwa kiu. Wanakunywa kupitia kwa huyu aliye karibu nao."

"Basi mfukuze," alisema Mama Pacha. "Mfukuze huyo mama yao."

"Jini aliyekuja kuharibu namfukuza. Mama anayetafuta wanawe simfukuzi, na hata nikimfukuza haendi. Wewe ungekwenda?" Alimtazama mpaka Mama Pacha akainamisha macho. "Kesho ni bamvua. Maji yatajaa saa kumi kasoro, na yatajaa kuliko siku zote hizi. Atafika kitandani. Akiwakuta wake wameganda, atachukua aliye laini."

Nilisema alikuwa ameanza kupiga hesabu ya kifundi, midomo inacheza. "Nikibandua lipu yote," alisema, "nikairudisha pale pale."

"Matofali ulifyatua kwa mchanga upi?"

"Uleule."

"Sakafu?"

"Uleule."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Chumba hicho ndicho kimebeba kenchi," alisema Nilisema. "Nikikitoa, paa la nyuma lote linashuka. Na mvua hii. Mganga, nina miaka ishirini naisubiri nyumba hii."

Mama Pacha alitoka nje. Alirudi na sururu, nzito, anaiburuta, na akaiweka miguuni pa mumewe kama mtu anayeweka mtoto.

"Mimi ndiye niliyekukimbiza," alisema taratibu. "Nilikusema, nikakununia, nikakutishia kwa kaka yangu, kwa ajili ya nyumba. Sasa nakuomba uibomoe. Ukiibomoa, sitaitaja tena mpaka nife."

Nilisema alimtazama. Halafu akainama akaiokota sururu, na hakutoa ushauri wowote.

Asubuhi ya Jumamosi bahari ilikuwa imekupwa mbali sana, mpaka majabali yalionekana miguu. Majirani kumi na mmoja tulifika na matoroli, nami nikiwemo, kwa sababu mtu akibomoa nyumba mpya hakuna anayebaki kwake. Mganga alitupa sharti moja: tusipige kwa nguvu, tuondoe kama mtu anayebandua bendeji. Hapo ndipo mngeona maajabu. Wanaume wazima, wengine wapiga kokoto wa miaka mingi, wanagusa ukuta kwa nyundo kama wanabisha hodi kwa mkwe. Mmoja alilidondosha tofali, akaliinamia. "Samahani sana," alimwambia tofali. Kila mmoja wetu alitaka kucheka, na hakuna aliyecheka, kwa sababu tofali lilikuwa la moto. Yote yalikuwa ya moto, moto wa mtoto mwenye homa, na ukiyaweka kwenye toroli yalikuwa yanatetemeka kabla hujaanza kusukuma.

Pacha mdogo alilazwa kwenye mkeka karibu na majabali, kichwa mapajani mwa mama yake. Hakuwa anaomba maji tena. Alikuwa anapumua kwa mdomo, na mdomo ulikuwa mweupe ndani.

Tulisukuma. Saa sita paa la nyuma lilishuka kwa mlio mmoja mrefu, na Nilisema hakugeuka kulitazama. Saa saba maji yaliyokuwa yakirudi yalifika kwenye majabali. Saa nane mtu aliyekwenda na toroli alikanyaga pakavu na aliyerudi alikanyaga maji. Nilisema alikuwa amepiga magoti ufukweni, palepale alipouchota mchanga, anavipokea vifusi kwa mikono, anaviweka mafungu mafungu kwa mstari, analainisha juu kwa kiganja, mikono inavuja damu, na alikuwa anaongea, anaongea bila kukoma, sauti ileile aliyokuwa akiwapigia wateja kelele, ila sasa ilikuwa imeshuka mpaka imekuwa kama bembelezo, nisameheni, laleni, mama anakuja, nisameheni, na maji yanamfika magotini, yanamfika kiunoni, na mkewe anamwita arudi na yeye hasikii, mpaka wimbi moja lisilo na kelele likaja kutoka kilindini, refu, bapa, likampita bila kumwangusha, likafunika mafungu yote.

Vifusi viliyeyuka. Saruji ngumu, ya kitaalamu, iliyeyuka kama sukari kwenye chai.

Pacha mdogo akaanza kulia. Mama yake akamshika uso, akauona umelowa, akapitisha kidole chini ya jicho, akakitazama kile kidole kama mtu aliyeokota johari. Machozi. Yakaja mengi, yakachuruzika mpaka shingoni.

"Nina njaa," alisema mtoto.

Wanaume kumi na mmoja wenye nyundo walijifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Ndipo tukaisikia ile sauti. Ilitoka ndani ya maji, si mbali, wala haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mama aliyesimama mlangoni jioni anahesabu watoto wake wakiingia ndani. Maneno hatukuyaelewa, lakini kuhesabu kunajulikana kwa lugha yoyote. Ilikwenda, ikaenda, ikafika mahali, ikasimama. Ikaanza tena mwanzo. Ikafika palepale. Ikasimama.

"Ana furaha," alinong'ona Nilisema, ametota, ameshika mkono wa mwanawe. "Anawahesabu kwa furaha."

Mganga hakuonekana mwenye furaha. Alitutazama mmoja mmoja, kitambaa puani. "Vifusi vyote vimefika?" aliuliza.

Tulijibu ndiyo. Mimi nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilisema na familia yake wamerudi kwenye vyumba viwili vya kupanga. Mtoto ni mzima, ana kelele, anavunja vikombe. Mama Pacha ametimiza ahadi, nyumba hajaitaja. Na mchanga mwingine umelundikwa kwenye kiwanja kilekile, unanyeshewa, utanyeshewa msimu mzima, na Nilisema anaugeuza kila Jumapili bila kumshauri mtu yeyote.

Ila toroli langu la mwisho siku ile lilikuwa na gurudumu linalokwama, mgongo ulikuwa unaniuma, na njia ya kwenda ufukweni inapita mlangoni kwangu, ambako kulikuwa na kidimbwi ambacho mke wangu amekuwa akiniambia nikifukie tangu tuoane. Kifusi ni kifusi, nikasema. Nikakimwaga, nikakishindilia, nikajipongeza.

Sasa kizingiti chetu kinalowa kwa saa. Leo kimelowa saa saba na robo. Sepetu ninalo, na kila siku nasema nitachimba, lakini kila nikilishika nakuta maji yamejaa. Mke wangu ananiuliza ni mtoto wa nani huyu anayegonga mlango wetu chini hivyo, usawa wa kifundo cha mguu, na mbona usiku kuna mwanamke anapita nje anahesabu. Namwambia ni watoto wa mtaani, hawana adabu, wazazi wao hawajui kuwatunza. Nawasema watoto wa watu, nawasema na mama zao, na aliyemkanyaga yule mtoto kwa miguu miwili mpaka akashindiliwa vizuri ni mimi.